Msimu wa Tamthilia Mbali na Jukwaa la Chuo: Matini, Lafudhi na Hadhira Mkoani Singida

Ikisiri

Tamthilia za Kiswahili husomwa sana nchini Tanzania, lakini huonekana jukwaani kwa nadra, na nje ya Dar es Salaam na Bagamoyo kwa nadra zaidi. Makala haya yanafafanua masuala yanayokikabili kikundi kidogo cha thieta kinapopanga msimu wa tamthilia za kisasa katika Mkoa wa Singida. Matini nne zinajadiliwa: Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, Kinjeketile, Nguzo Mama na Kwenye Ukingo wa Thim. Inajengwa hoja kwamba ugumu wa kuziigiza tamthilia hizi haumo katika uelewa wa hadhira ya bara. Umo katika mazoea mawili, moja la uandishi na jingine la uigizaji: kuandika kwa kulitegemea jukwaa lenye taa, na kumfanya mzungumzaji wa bara kuwa kichekesho.

Msimu na kalenda ya mashamba

Neno msimu lina asili ya Kiarabu. Kwa mabaharia wa pwani lilihusu majira ya pepo, kaskazi na kusi, yaliyoamua lini jahazi lifike na lini liondoke. Bara neno likahamia shambani: msimu wa pamba, msimu wa alizeti. Kuliita kundi la maonyesho yanayofuatana kwa jina hilohilo ni matumizi ya karibuni zaidi, na yametoka katika thieta za Ulaya ambako ukumbi mmoja hufunguliwa kwa miezi kadhaa na wateja hununua tiketi za maonyesho yote kwa pamoja.

Kikundi cha Singida kinachotangaza msimu wa tamthilia kinaazima dhana hiyo bila kuweza kuazima kalenda yake. Mkoa hupata mvua mara moja kwa mwaka, takribani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo watu wako mashambani, barabara nyingi za vijijini hazipitiki, na fedha ya kiingilio haipo mfukoni mwa mtu. Mavuno ya mtama, uwele, mahindi na alizeti ndiyo yanayofungua nafasi. Kwa hiyo msimu wa thieta unaowezekana ni wa Juni hadi Septemba, kipindi cha ukame, upepo na usiku wa baridi, ambacho pia ni kipindi cha harusi na sherehe nyingine. Tamthilia italazimika kugombania watu na ngoma.

Suala la pili ni umbali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani, katika eneo linalokaribia kilomita za mraba 49,000. Manispaa ya Singida, pamoja na maziwa yake ya Singidani na Kindai, inaweza kutoa hadhira ya usiku mmoja au miwili kwa kila tamthilia. Baada ya hapo kikundi lazima kisafiri kwenda Ikungi, Kiomboi, Nduguti, Manyoni. Kusafiri kunamaanisha waigizaji wachache na mizigo michache. Makala haya hayazungumzii kikundi kimoja chenye jina. Kikundi kinachokusudiwa ni cha aina inayofahamika katika miji ya mikoani: watu wanane hadi kumi, wengi wao vijana waliomaliza sekondari, mwalimu mmoja au wawili, wanawake wasiozidi theluthi. Hesabu hiyo ndogo itaamua mambo mengi kuliko nadharia yoyote ya uteuzi wa matini.

Tamthilia bila jukwaa

Historia ya thieta ya kisasa ya Kiswahili nchini Tanzania imefungamana na taasisi chache. Ebrahim Hussein, Penina Muhando (baadaye Mlama), Amandina Lihamba, Emmanuel Mbogo na Edwin Semzaba wote wamehusiana kwa namna moja au nyingine na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981. Kikundi cha Paukwa, kilichotunga Ayubu kwa pamoja na kuichapisha mwaka 1984, kilikuwa na mizizi yake Dar es Salaam. Wataalamu haohao walitoka nje ya mji: mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambao Mlama ameueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1991, uliwashirikisha wanakijiji katika kutunga maonyesho kuhusu matatizo yao wenyewe. Lakini thieta ya namna hiyo haikuhitaji tamthilia iliyochapishwa. Ilianza na utafiti na kuishia katika mjadala. Tamthilia iliyochapishwa ilifuata njia nyingine, yaani darasani.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kijana wa Ikungi anaweza kueleza dhamira za Ngoswe kwa mpangilio, akataja mhusika mkuu na wahusika wasaidizi, na asiwe amewahi kumwona mtu mzima akiigiza tamthilia yoyote. Vitabu vya Ngoswe, Orodha na Kilio Chetu vimekuwa vikitahiniwa kidato cha nne kwa miaka mingi. Kwa kikundi kidogo, hilo ni soko la uhakika: ukitangaza onyesho la kitabu cha mtihani, shule zitaleta wanafunzi kwa mabasi. Hatari yake iko wazi. Mkurugenzi anayewategemea wanafunzi ataanza kuigiza mwongozo wa mtihani badala ya tamthilia. Dhamira zitatamkwa kwa sauti kubwa zikiikabili hadhira, na ukimya, ambao haumpatii mtahiniwa alama, utapotea.

Haifuati kwamba kikundi kiziepuke shule. Ninachopendekeza ni kwamba maonyesho ya wanafunzi yafanyike baada ya yale ya watu wazima, wakati waigizaji wameshazoea kuchekwa na kununiwa na watu wasio na daftari.

Ikumbukwe pia kwamba Kanda ya Kati haikukosa sanaa ya majibizano kwa Kiswahili. Mathias Mnyampala, aliyetoka Dodoma, ndiye anayetajwa zaidi katika kuibuka kwa ngonjera, na diwani yake ya Ngonjera za Ukuta ilitoka mwaka 1970, baada ya kufa kwake. Wazee wengi wa Singida walighani ngonjera shuleni katika miaka ya Azimio la Arusha. Hadhira inayosemwa kuwa haijui thieta imekuwa ikitazama wahusika wawili wakipinzana kwa beti mbele ya umma kwa zaidi ya nusu karne.

Pale taa zinapozimwa

Msomaji wa tamthilia za miaka ya 1960 hadi 1980 atakuwa ameona jinsi maelekezo ya jukwaani yanavyotegemea mwanga: giza likiingia onyesho limekwisha, mwanga ukirudi tuko mahali pengine. Mbinu hii ni ya ukumbi wenye umeme na mtu wa kuuendesha. Kwenye uwanja wa shule ya msingi, saa kumi jioni, hakuna wa kuzima jua. Baadhi ya vikundi huitatua shida hii kwa kukodi jenereta, ambayo sauti yake humeza mazungumzo, kisha kikahitajika kipaza sauti, na kipaza sauti kikamfanya mwigizaji asimame mahali pamoja kama mhubiri.

Njia bora ni kurudi kwenye matini na kuuliza kila giza lilikuwa na kazi gani. Mara nyingi kazi yake ni moja kati ya mbili: kuruka muda au kufunika badiliko la mahali. Zote mbili zinaweza kufanywa na mtambaji, na zote mbili zinaweza kufanywa na ngoma. Tamthilia zenye msimulizi ndani yake, kama Nguzo Mama, husafiri kwa urahisi kwa sababu mwandishi mwenyewe amekwishatoa chombo hicho. Zisizo naye huhitaji uamuzi, na uamuzi huo ni wa kifasihi. Kumtia msimulizi katika tamthilia ya uhalisia kunabadilisha umbali kati ya hadhira na mhusika. Pale ambapo mwandishi alitaka tusahau kwamba tunatazama mchezo, msimulizi atatukumbusha.

Ngoswe na suala la lafudhi

Ngoswe (Semzaba, 1988) ni tamthilia ya kufungulia msimu, na si kwa sababu ya mtihani pekee. Kisa ni chepesi kufuata: Ngoswe anatumwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Ngengemkeni Mitomingi, anapanga kutoroka naye, na kwa hasira za mzee karatasi za sensa zinateketea. Baada ya sensa ya 2022, kila kaya ina kumbukumbu ya karani aliyebisha hodi. Uhusiano wa raia na mtu wa serikali mwenye fomu hauhitaji kufafanuliwa.

Kinachohitaji kufafanuliwa ni jinsi Mitomingi anavyosema. Katika vichekesho vya redioni na kwenye runinga, mzee wa kijijini huonyeshwa kwa lafudhi nzito. Konsonanti hubadilishwa, vokali huvutwa, ngeli huvurugwa, na watu hucheka kabla hajasema jambo. Mazoea haya yamekuwa makubwa kiasi kwamba mwigizaji kijana akipewa nafasi ya mzee wa shamba huivaa lafudhi hiyo bila kuombwa, kama anavyochukua fimbo na kofia. Mjini Dar es Salaam inaweza kupita kama utani. Singida mambo ni tofauti, kwa maana hadhira inayotazama ndiyo inayodaiwa kusema hivyo.

Hapa isimu ina la kuchangia. Kinyaturu na Kinilamba, lugha kubwa mbili za Kibantu za mkoa, ni lugha za toni. Kiswahili sanifu hakina toni ya kileksika. Kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni ya toni anaweza kuingiza katika Kiswahili mpando na mshuko wa sauti ambao msikilizaji wa pwani huusikia kama wimbo, au kama hasira isiyokuwapo. Tena mkoa una Wagogo upande wa Manyoni, Wataturu, Wasukuma, na Wahadzabe wa Mkalama ambao lugha yao ina vidoko. Hakuna lafudhi moja ya Singida. Mwigizaji anayejifanya kuwa na lafudhi ya bara anaigiza kitu ambacho hakuna mtu anakisema, amekijifunza redioni.

Msimamo wangu ni huu: waigizaji waseme Kiswahili chao wenyewe, kwa toni walizokulia, bila kuzikuza na bila kuzificha. Mitomingi akisema hivyo, na Ngoswe naye, aliyetoka mjini, akasema kwa namna ya mjini, tofauti ya kijamii aliyoiandika Semzaba itasikika bila mtu kudhalilishwa. Mitomingi si mjinga. Katika mambo mengi anayohoji kuhusu sensa ana hoja, na hasira yake ya mwisho ni ya baba aliyedanganywa ndani ya nyumba yake na mgeni aliyempokea. Akigeuzwa kuwa mlevi wa kuchekesha, kuchomwa kwa karatasi kunakuwa ajali ya kipumbavu. Akisimama kama mtu mzima, hasara ya taifa zima inaonekana kutokana na dharau ndogo ya kiongozi kijana, jambo ambalo kichwa chenyewe cha tamthilia kinalidai.

Vichekesho vibaki. Ngoswe ni tamthilia ya kuchekesha, na hadhira iliyolipa kiingilio ina haki yake. Ila kicheko kitoke katika hali, kisitoke katika ulimi wa mtu.

Kinjeketile mbele ya kumbukumbu ya Liti

Kinjeketile (Hussein, 1969) ni matini nzito zaidi katika msimu huu, na ndiyo inayopata maana mpya zaidi ikifika Singida. Tamthilia inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyopiganwa kusini na mashariki mwa nchi. Singida haikuwa sehemu ya vita hivyo. Lakini Wanyaturu wana masimulizi yao ya upinzani dhidi ya Wajerumani, na katikati ya masimulizi hayo yuko mwanamke, Liti, anayesemekana kuwakabili askari kwa msaada wa nyuki. Jina lake linajulikana na watu wengi zaidi siku hizi kwa sababu uwanja wa mpira wa Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Mwaka huohuo wa 1969 ilipochapishwa tamthilia ya Hussein, Marguerite Jellicoe alichapisha katika Tanzania Notes and Records makala kuhusu harakati za upinzani za Waturu. Kazi mbili hizo hazikuhusiana, lakini zilitoka wakati ambapo taifa changa lilikuwa likikusanya mashujaa wake.

Hadhira ya Singida itaingia ikiwa na Liti kichwani, na ulinganisho utafanyika hata kama kikundi hakiutaki. Maji na nyuki vyote ni silaha za imani dhidi ya bunduki. Tofauti ni kwamba nyuki huuma kweli. Anayesimulia habari za Liti anaweza kuamini au kutoamini kwamba mwanamke aliwaamuru nyuki, lakini hana sababu ya kutilia shaka uchungu wa askari aliyeumwa. Maji ya Kinjeketile yanageuza risasi kwa imani tu, na imani hiyo inawaua waliokuwa nayo. Hussein ameweka uzito wa tamthilia hapo hasa: Kinjeketile anaona kwamba neno lake limekua kuliko yeye, kwamba limewaunganisha watu waliokuwa wakidharauliana, na kwamba umoja huo umesimama juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo. Tena katika maneno aliyoyatoa akiwa amepandwa na Hongo yamo madai kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Akizinduka, swali linamtesa: kama roho ilisema kwa kinywa chake, kwa nini iahidi bwana mpya?

Swali hilo mara nyingi hupita haraka katika maonyesho ya shule, ambayo huharakia mapigano. Kwa kikundi cha watu wanane mapigano hayawezekani kabisa, na hilo ni jambo la heri. Vita vinaweza kusikika kutoka nyuma ya pazia la magunia, na nguvu yote ikaelekezwa kwenye maonyesho mawili: wanawake wanaozungumzia njaa mwanzoni, wakati wanaume wako katika shamba la pamba la Mjerumani, na Kinjeketile anapobaki na shaka yake. Onyesho la njaa halihitaji utafiti wowote Singida, mkoa wa nusu jangwa ambako mwaka wa mvua mbaya hukumbukwa kwa muda mrefu.

Lipo pia suala la lugha-wakilishi. Katika tamthilia, Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na Wazaramo wote wanasema Kiswahili, na hadhira inakubali kwamba Kiswahili hicho kinasimama badala ya lugha zao. Kuna kishawishi cha kumpa kila mmoja maneno machache ya lugha ya mkoani, ili Mkichi awe Mnyiramba na Mngindo awe Mnyaturu. Nisingeshauri hivyo. Mgawanyiko wa makabila katika Kinjeketile ni jeraha ambalo maji yalikuja kuliponya. Ukiuhamishia kwa majirani wanaokaa pamoja kwenye mabenchi utapata kicheko cha dakika moja na kuipoteza tamthilia. Nyimbo ni suala jingine. Wimbo wa kufanya kazi au wa maombolezo wa Kinyaturu unaweza kuingia mahali pa wimbo wowote bila kuharibu kitu, na wazee wataitikia.

Kama kikundi kinataka kumleta Liti jukwaani, kimtungie mchezo wake, kwa njia ya utungaji wa pamoja iliyotumiwa na Paukwa. Kumwingiza kwa mlango wa nyuma katika matini ya Hussein ni kuwakosea wote wawili. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, asichukuliwe kuwa picha ya mtu wa historia. Liti bado hana tamthilia ya kiwango hicho, na naiona hiyo kuwa kazi kubwa zaidi inayokisubiri kikundi chochote cha mkoa huu.

Nguzo isiyoinuka

Nguzo Mama (Muhando, 1982) ina tatizo la kihesabu. Wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama na wanashindwa kwa migogoro yao, umaskini wao na wanaume wao. Kikundi chenye waigizaji wa kike watatu hakiwezi. Kuwavisha wanaume kanga kutaifanya iwe vichekesho. Suluhisho pekee ninaloliona ni kushirikiana, katika kila kituo, na kikundi cha wanawake kilichopo, cha kuweka na kukopa au cha kwaya, na kufika siku nne au tano kabla kwa mazoezi. Dayolojia za wahusika hawa si ndefu, na majina ya namba yanaruhusu tabia yoyote. Gharama ya siku hizo ni kubwa kwa kikundi kidogo, na ndiyo sababu tamthilia hii iwekwe katika vituo viwili tu.

Ukingo wa mwisho wa msimu

Kwenye Ukingo wa Thim (Hussein, 1988) ilitokana na mgogoro halisi. Wakili wa Nairobi, S. M. Otieno, Mjaluo, alifariki Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, na ukoo wa marehemu walishindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika, hadi ukoo uliposhinda na akazikwa Siaya mwezi Mei 1987. Katika tamthilia wanandoa hao wanakuwa Herbert na Martha. Watafiti wengi wamesoma kazi hii kama mvutano wa mila na usasa. Usomaji huo haukosi ukweli, lakini mbele ya hadhira ya Singida naona utafifia na nafasi yake kuchukuliwa na swali la mjane.

Sababu ni ya kisheria na ya kila siku. Tamko la Sheria za Mila la 1963, linalohusu jamii za ukoo wa kuumeni, linamnyima mjane fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mjane hutegemea watoto wake. Mtu anayetazama Martha akiondolewa kitu kimoja baada ya kingine, kuanzia na maiti, haoni falsafa. Anamwona shangazi yake, au anajiona mwenyewe akiwa upande wa ndugu wa marehemu.

Kwa hiyo tamthilia hii ifunge msimu, mwezi Septemba, na ionyeshwe ndani ya ukumbi mdogo, hata darasa, kwa watu mia moja au chini ya hapo. Haina ngoma ya kuibeba uwanjani. Nguvu yake iko katika mazungumzo ya ndani ya nyumba. Waigizaji wanane wanatosha kwa kurudiarudia nafasi. Uamuzi mgumu ni nani awe kaka wa marehemu. Mkurugenzi wengi wangempa mwigizaji mwenye sura ya ukatili, ili hadhira ijue mapema imchukie nani. Apewe yule anayependwa zaidi katika kikundi, aliyewachekesha watu mwezi Juni akiwa Mitomingi, na aiseme haki ya ukoo kwa upole, kama mtu anayeamini kila neno.